Usimfunge Mtoto Tumbo, Usimtie Kitu Sikioni

Mzazi unayesoma haya huku mtoto wako anaharisha, usitoke kwenda kununua dawa ya kumfunga tumbo. Na wewe ambaye sikio la mwanao linatoa usaha, usitie humo mafuta ya nazi, maziwa ya mama, maji ya majani wala matone aliyobakisha jirani. Sababu nitazieleza zote, lakini makatazo nimeyatanguliza kwa makusudi, maana mvua zikishika kasi maradhi haya mawili huja pamoja. Maji ya vyoo huingia visimani na kwenye mabomba yaliyopasuka, kuharisha kukapanda. Mafua nayo hupita nyumba hadi nyumba, na mafua ya mtoto mdogo hayachelewi kuhamia sikioni. Msimu kama huo maduka ya dawa hujaa, na humo wamo watoto wanaoumizwa na kile kile walichonunuliwa ili wapone.

Nilimwona mama mmoja kwenye duka la dawa la mtaani, mtoto yuko mgongoni ndani ya khanga, kichwa kimelala upande.

"Dokta, nipatie dawa ya kuharisha ya mtoto."

"Ana miezi mingapi?"

"Minane. Na sikio hili linatoa maji, linanuka."

Muuzaji hakunyanyuka kumtazama mtoto. Aliweka juu ya kaunta chupa ya Flagyl ya maji, amoksilini ya unga, na kichupa kidogo cha matone ya jenta. "Hii ya tumbo, kijiko kimoja kutwa mara tatu. Hii utachanganya na maji yaliyochemshwa. Haya matone ni ya macho, lakini na sikio yanafaa." Mama alilipa, akahesabu chenji, akaondoka. Pakiti za ORS, ule unga wa sukari na chumvi wa kurudisha maji mwilini, zilikuwa pale pale, kwenye boksi lililoshika vumbi karibu na vocha za simu. Muuzaji hakuzitaja na mama hakuziuliza.

Yule mama anampenda mwanawe, na sidhani kama muuzaji alikuwa na nia mbaya. Lakini angalia alichoondoka nacho. Dawa ya kwanza haiwagusi vimelea wanaowaharisha watoto wengi wa umri ule. Ya pili yenyewe inaweza kumwongezea kuharisha. Ya tatu, kama ngoma ya sikio imetoboka, inaweza kupenya hadi ndani kabisa na kuua uwezo wa kusikia usiorudi tena. Na kile ambacho kingeweza kuokoa maisha ya mtoto usiku ule kilibaki kwenye boksi.

Tuanze na tumbo, kwa sababu tumbo ndilo linaloua upesi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuharisha huua watoto zaidi ya 440,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka. Wengi hawauawi moja kwa moja na kimelea, wanauawa na kukaukiwa. Mtoto wa kilo saba hana akiba kubwa ya maji mwilini. Akiharisha mara kumi kwa siku huku akitapika, mchana hadi usiku unatosha kumfikisha pabaya. Ndiyo maana swali la "nitamwachishaje kuharisha?" si la kuanza nalo. La kuanza nalo ni hili: maji na chumvi anavyopoteza vinarudije mwilini?

Kuhusu vimelea wenyewe tuna ushahidi mzuri, na sehemu yake imetoka kwetu Afrika Mashariki. Utafiti mkubwa ujulikanao kwa kifupi kama GEMS, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet, ulifanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwa mojawapo. Watoto 9,439 waliokuwa na kuharisha kwa kiwango cha kati au kikali walilinganishwa na watoto 13,129 wa maeneo yale yale wasioharisha. Wanne ndio waliojitokeza kuwa wasababishi wakuu: rotavirusi, kriptosporidiamu, shigela, na aina moja ya E. koli inayotoa sumu utumboni. Flagyl, ambayo jina lake la kitabibu ni metronidazoli, haimtibu hata mmoja kati ya hao. Ni dawa nzuri kwa kazi yake, yaani amiba, giadia na bakteria wa aina fulani. Lakini mtoto wa miezi minane anayeharisha majimaji wakati wa mvua, amiba si wa kwanza kumshuku, wala wa pili.

"Basi nitampa antibiotiki yenye nguvu zaidi," atasema mtu. Hilo nalo limejaribiwa. Watafiti katika nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwemo, waliwachukua watoto zaidi ya 8,000 wa umri wa kati ya miezi 2 na 23 waliokuwa wanaharisha majimaji na kukaukiwa au kudhoofu kwa utapiamlo. Nusu walipewa azithromaisini kwa siku tatu, nusu dawa tupu isiyo na kitu, na wote walipata ORS na zinki. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Baada ya miezi sita, tofauti ya vifo kati ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa kiasi cha kuipa dawa sifa. Watoto wale walichaguliwa kwa sababu walikuwa katika hatari zaidi kuliko wengine. Ikiwa hao hawakuokolewa na antibiotiki, sembuse mtoto mnene wa jirani aliyeharisha tangu jana.

Kuharisha damu ni habari nyingine. Damu kwenye kinyesi cha mtoto mara nyingi ni shigela, na shigela inahitaji antibiotiki, ila ile atakayoandikiwa na mtabibu aliyemwona, kwa sababu shigela wa siku hizi wamezoea dawa nyingi za zamani.

Kuna vidonge vinavyosimamisha mwendo wa utumbo, loperamaidi na jamaa zake. Mtu mzima mwenye safari ya basi humeza, na mara nyingi hapati shida. Mtoto mdogo asipewe kamwe. Mwaka 1990 madaktari wa Pakistan waliripoti vifo vya watoto wachanga waliokuwa wamepewa matone ya dawa hiyo: matumbo yalisimama, yakavimba, sumu ikabaki ndani. Kampuni iliyoyatengeneza iliyaondoa sokoni matone yale ya watoto. Lakini kidonge cha mtu mzima bado kipo madukani, na kuna wanaokikata robo wakakisaga na kumpa mtoto kwa kijiko. Choo kinakoma, mzazi anashukuru, na maji yanaendelea kujikusanya ndani ya utumbo uliolala.

Sasa turudi kwenye lile boksi lenye vumbi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi walivuka kuingia India na kipindupindu kikawafuata kambini. Daktari Dilip Mahalanabis, akiwa Bongaon karibu na mpaka, aliishiwa dripu. Aliwapa ndugu wa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi kwenye madumu, wawanyweshe wao wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia watu 30 katika kila 100 vilishuka hadi chini ya 4. Siri yake ni kwamba sukari inapopenya ukuta wa utumbo huichukua chumvi pamoja nayo, na chumvi huyavuta maji. Na njia hiyo hubaki wazi hata pale ambapo sumu ya kimelea inayamwaga maji kwa upande mwingine. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba huenda ugunduzi huu ndio hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile. Leo pakiti moja inauzwa kwa bei ndogo kuliko soda, na pengine ndiyo sababu tunaidharau.

Namna ya kuitumia ni muhimu kuliko kuwa nayo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Soma pakiti kwanza: nyingine ni za lita moja, nyingine za nusu lita, na ukikosea maji unakuwa umebadilisha dawa. Tumia maji safi ya kunywa, koroga hadi yawe maangavu bila chembe, funika, na kitakachobaki baada ya saa 24 kimwage. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha kawaida cha chai. Mkubwa zaidi, mara mbili ya hiyo. Usimmiminie. Chukua kijiko kidogo, mpe kimoja, hesabu taratibu, mpe kingine. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi. Akina mama wengi huacha hapo, mtoto anapotapika mara ya kwanza, wakasema "hataki", ilhali hata kwa mtoto anayetapika, maji mengi ya kijiko kimoja kimoja hubaki tumboni. Kama pakiti hazipatikani usiku huo, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi vitakusogeza hadi asubuhi. Usizidishe chumvi hata kidogo. Soda na juisi za pakiti haziwi badala yake, kwa sababu sukari yake nyingi huongeza kuharisha.

Ziwa aendelee kunyonya, na uji aendelee kupewa. Kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" ni kumdhoofisha wakati anaohitaji nguvu.

Pamoja na ORS mtoto apewe zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu, kwa kuwa zinki hufupisha ugonjwa na kupunguza uwezekano wa kurudi katika miezi inayofuata. Wazazi wengi hulalamika kwamba inamtapisha mtoto, na malalamiko hayo yana ukweli. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na New Delhi kwa watoto 4,500, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa dozi ndogo ya miligramu 10 au hata 5 ilifanya kazi isiyopungua ile ya 20 katika kufupisha kuharisha, na watoto waliotapika walikuwa wachache zaidi. Basi kama mwanao anaitapika zinki, rudi kliniki uulize kuhusu kipimo, usiitupe.

Utafiti wa GEMS ulitoa jambo jingine ambalo halijafika kwenye vibaraza vyetu. Watoto walioharisha vikali walikuwa na hatari ya kufa mara 8.5 zaidi ya wenzao katika wiki zilizofuata, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea zaidi ya siku saba baada ya kuonwa kituoni, zaidi ya nusu yake nyumbani. Kwa maneno mengine, mtoto alipelekwa, akapata nafuu, akarudishwa, watu wakapumua, na baadaye akafa. Mtoto aliyetoka kuharisha vibaya anahitaji kuangaliwa kwa wiki kadhaa: anakula? anaongezeka uzito? Arudishwe kliniki kupimwa hata kama anacheza.

Siwezi kuliacha tumbo bila kugusa meno ya plastiki. Tangu miaka ya 1980 imani hii imezunguka Tanzania na kwa majirani zetu, kwamba mtoto anayeharisha na kuwa na homa ana meno mabovu ndani ya fizi, na yasipong'olewa atakufa. Kile kinachoonekana kama uvimbe mweupe kwenye fizi ni chipukizi la jino lake halali, hasa chonge. Linachimbuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli, bila ganzi, kwenye kinywa cha mtoto ambaye tayari amekaukiwa. Anatoka damu, anaambukizwa, anashindwa kunyonya kwa maumivu, na kukaukiwa kunamaliza kazi. Wengine huambiwa mtoto "amebemendwa", yaani ameugua kwa sababu wazazi walilala pamoja akiwa bado ananyonya, na mama kwa aibu anachelewa kwenda zahanati siku mbili, tatu. Ninasema kwa uzito wote nilio nao: hakuna meno ya plastiki. Kuna mtoto anayehitaji maji. Bibi, shangazi, jirani mwenye sauti mtaani, ukisikia mtoto anapelekwa huko, simama mlangoni uzuie.

Tuje kwenye sikio, ambalo halipigi kelele kama tumbo na kwa hiyo hupuuzwa miaka na miaka.

Kuna mrija mwembamba unaounganisha koo na sikio la kati. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua hupanda kirahisi, na mtoto anayenyweshwa chupa akiwa amelala chali huongezewa hatari. Usaha ukijaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto analia usiku, anavuta sikio, ana homa. Wachanga wengine hutapika au kuharisha kwa sababu ya sikio lenyewe, na hapo ndipo mzazi hutibu tumbo huku ugonjwa uko kichwani. Ngoma ikizidiwa hupasuka, usaha unatoka, maumivu yanapungua ghafla. Mzazi anadhani amepona.

Kwa sikio lililoanza kuuma jana, mapitio ya Cochrane, yanayokusanya matokeo ya majaribio mengi, yanaonyesha kuwa baada ya saa 24 watoto wapatao 60 katika kila 100 maumivu yao yalikuwa yamekwisha, wawe wamepewa antibiotiki au la. Na katika kila watoto 14 waliopewa antibiotiki, mmoja aliumwa kwa sababu ya dawa: alitapika, aliharisha au alitokwa na upele. Hapa ndipo mduara unapojifunga. Amoksilini ya sikio inamharisha mtoto; mzazi anarudi dukani kwa ajili ya kuharisha; anapewa Flagyl; na dawa inaitwa kutibu dawa. Simaanishi kwamba amoksilini haifai. Mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye masikio yote mawili mabovu, au sikio lililoanza kutoa usaha, hunufaika nayo kweli. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo unahitaji mtu aliyemtazama mtoto sikioni, na kaunta ya duka haina kifaa cha kutazamia sikio.

Usaha ukizidi wiki mbili, ugonjwa umegeuka kuwa sugu. Hapo bakteria wengine wameingia, mara nyingi sudomonasi, na amoksilini ya kumeza haiwawezi. Kenya imetoa tafiti mbili ambazo kila mtabibu wa watoto angefaa kuzijua. Ya kwanza, ya mwaka 1996, ilifanyika katika shule za msingi 145 za Kiambu kwa watoto 524 wenye masikio yanayovuja. Waliosafishwa masikio tu walipona 22 katika kila 100, sawasawa na wale ambao hawakufanyiwa chochote. Waliosafishwa na kupewa dawa walifika 51. Ya pili, ya mwaka 2005, ilifanyika magharibi mwa Kenya kwa watoto 427, ikilinganisha matone ya siprofloksasini na yale ya asidi ya boriki. Baada ya wiki mbili sikio lilikuwa limekauka kwa watoto 59 katika 100 waliopata siprofloksasini, na 32 kwa wale wengine. Kusafisha peke yake hakutoshi, basi, na si kila dawa inafaa. Sikio likaushwe kwanza, kisha litiwe matone yaliyo sahihi.

Kukausha kunafanyika nyumbani. Chukua kitambaa cha pamba kinachonyonya, khanga ya zamani iliyofuliwa, ikaanikwa juani na kupigwa pasi. Kata kipande chembamba, kisokote kiwe kama utambi, kiingize taratibu kwenye tundu la sikio bila kulazimisha, ukiache humo. Baada ya muda kitatoka kimelowa, cha manjano. Kitupe, weka kingine, na kingine, hadi utambi utoke mkavu. Ndipo matone uliyoandikiwa yaingie. Mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti cha kiberiti, kalamu, wala vijiti vya pamba vya dukani. Wala usizibe sikio kwa pamba na kuiacha humo usaha ukachachia. Mtoto asiogelee baharini wala mtoni, na wakati wa kuoga sikio likingwe.

Mafuta, maziwa, kitunguu saumu na maji ya majani huwapa wadudu chakula na unyevu, na humziba mtabibu asione ngoma. Na kama mtoto ameingiza kitu sikioni na wewe una shaka kwamba ni ile betri ndogo ya mviringo ya saa au ya mdoli, usitie tone lolote. Betri hiyo huunguza nyama ndani ya saa chache, na umajimaji huizidishia ukali. Hospitali, sasa hivi.

Sasa jenta. Jentamaisini ni ndugu wa streptomaisini, dawa ambayo tangu miaka ya 1940 iliponya kifua kikuu huku baadhi ya wagonjwa wakibaki viziwi au wakiyumba wanapotembea. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma, kuna chembe kama 15,000 zenye vinyweleo zinazobadilisha sauti kuwa ishara za ubongo. Dawa za ukoo huu huziingia na kuziua, na kwa binadamu hazioti tena. Watu wengine huzaliwa na kasoro ya vinasaba itokayo kwa mama ambayo hufanya hata dozi chache ziwe hatari kwao, na hakuna kaunta inayoweza kuitambua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza sindano za kanamaisini, za ukoo huo huo, kwa kifua kikuu sugu. Sasa mtu anachukua matone ya jenta yaliyotengenezwa kwa ajili ya jicho na kuyatia kwenye sikio lenye tundu, siku hadi siku, kwa mwezi mzima. Siprofloksasini ya matone haina hatari hiyo, na ndiyo inayopendekezwa.

Tafadhali msinielewe vibaya hapa, kwa sababu kosa la upande wa pili linaua pia. Mtoto mchanga aliyelazwa kwa maambukizi makali ya damu akiandikiwa sindano ya jentamaisini, mzazi asikatae. Kule dozi hukokotolewa kwa uzito, siku zinahesabiwa, na bila dawa hiyo mtoto hufa. Hofu yangu ni sindano ya uchochoroni, inayochomwa kwa kila homa na kila kuharisha, na mtu asiyempima mtoto kilo wala kuandika popote kwamba amemchoma.

Uziwi wa mtoto hautangazwi. Mtoto wa miaka miwili hawezi kusema "sisikii vizuri". Anachelewa kusema, akaambiwa ni wa kiume, wa kiume huchelewa. Akifika darasa la kwanza anakaa nyuma, hajibu akiitwa, anachapwa kwa utukutu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazozuilika. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017, hatua ya kujivunia, lakini ni watoto wangapi wa wilaya za mbali kama Tandahimba au Kasulu watakaofika huko? Na usaha usiotibiwa una njia nyingine mbaya zaidi: hula mfupa wa nyuma ya sikio, na kutoka hapo ubongo uko karibu sana.

Wenye maduka ya dawa, ombi langu kwenu ni dogo na linawezekana leo. Toeni ORS na zinki kwenye boksi, ziwekeni mbele, ziwe kitu cha kwanza mkono wako unachogusa mzazi akitaja kuharisha. Msiuze loperamaidi kwa ajili ya mtoto. Msiuze matone ya macho kwa sikio linalovuja. Mwelekezeni mzazi zahanati. Mnaitwa dokta na watu wanaowaamini, na imani hiyo ina deni. Wakaguzi wa dawa nao waache kuhesabu leseni ukutani tu. Waulize kilichouzwa wiki ile kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Chanjo zipo na ni bure. Ya rotavirusi, inayoanza mtoto akiwa na wiki 6, ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014. Ya nimokoka, inayokinga nimonia na sehemu ya maradhi ya masikio, Kenya iliianza mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2013. Kama kadi ya mwanao ina nafasi tupu, nenda nayo kliniki wiki hii.

Na sasa ishara ambazo hazingoji kupambazuke. Kwa tumbo: macho yamebonyea, utosi umedidimia, mtoto amelegea au hashtuki, hawezi kunywa au anakunywa kwa pupa, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hakojoi, choo kina damu. Kwa sikio: uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio linasukumwa mbele, uso umepinda upande mmoja, shingo imekakamaa, degedege, au homa kali pamoja na usaha. Ukiiona moja tu kati ya hizo, mbebe mtoto uende kituo cha afya usiku huo huo, na njiani endelea kumpa ORS kwa kijiko maadamu anaweza kumeza.